Uondoaji salama wa rangi kwenye vigari na sanamu ndogo za metali

MNAMO 1965 kampuni ya Corgi Toys ya Uingereza ilitoa kigari cha Volkswagen kilichopambwa kwa mfano wa magari ya mbio za East African Safari, mashindano yaliyoanza kuandaliwa katika eneo letu mwaka wa 1953. Kigari hicho kiliuzwa pamoja na sanamu ya kifaru, na gurudumu la akiba lililowekwa juu ya paa liliweza kuzungushwa ili kuyaelekeza magurudumu ya mbele.

Vigari vya aina hiyo zamani vilinunuliwa kuwa vitu vya kuchezea watoto. Siku hizi vinatafutwa na watu wazima minadani na katika masoko ya vitu vikuukuu. Aghalabu hupatikana vikiwa vimebabuka, au vikiwa vimepakwa rangi nyingine na mtoto aliyekuwa na brashi na wakati mwingi. Mwenye kukipata hutamani kukivua rangi yote ili akipake upya, na hapo ndipo madhara mengi hutokea. Kuing'oa rangi si kazi ngumu, kwani dawa za kuing'oa zimejaa madukani. Kazi ni kuing'oa bila kuila metali iliyo chini yake, na bila anayeifanya kazi hiyo, au mtoto anayetambaa kwenye sakafu ya nyumba hiyo, kuingiwa na sumu mwilini.

Wengi huanza kwa kuuliza watumie dawa gani. Swali hilo huja mapema mno. Kwanza mtu ajue ni metali gani aliyoishika, kisha ajue rangi hiyo ni ya miaka ipi. Dawa huchaguliwa baada ya majibu hayo mawili kupatikana.

Metali iliyofichwa na rangi

Katika mazungumzo ya kila siku vitu hivi vyote huitwa vya chuma, ilhali ni vichache sana vilivyo chuma kwa hakika. Mwaka wa 1933 kampuni ya Meccano ya Frank Hornby, iliyokuwa na kiwanda katika barabara ya Binns mjini Liverpool, ilianza kuuza magari madogo ambayo mwaka uliofuata yalipewa jina la Dinky Toys. Yale ya kwanza kabisa yalisubuliwa kwa mchanganyiko wa madini ya risasi. Muda si muda kampuni ikahamia kwenye aloi ya zinki ambayo hutumika hadi leo katika vigari vya aina hii duniani kote.

Aloi hiyo huitwa Zamak, na Waingereza huiita Mazak. Ilibuniwa nchini Marekani na kampuni ya New Jersey Zinc mwaka wa 1929, na jina lake limetokana na herufi za kwanza za majina ya Kijerumani ya zinki, alumini, magnesi na shaba. Sehemu yake kubwa ni zinki, na alumini iliyomo ni takriban asilimia 4. Vigari vya Dinky vya baadaye, vya Matchbox vilivyoanza mwaka wa 1953 na vya Corgi vilivyoanza mwaka wa 1956 ni vya aloi hii.

Wanajeshi wadogo wa mezani ni habari nyingine. Kampuni ya Britains ya London, iliyoanza kusubu wanajeshi wenye uwazi ndani mwaka wa 1893, ilitumia aloi ya risasi hadi miaka ya 1960. Treni ndogo za thamani, hasa zile zilizoundwa Japani na Korea Kusini kwa ajili ya wateja wa Marekani, nyingi ni za shaba nyeupe iliyounganishwa kwa risasi ya kulehemu. Kuna pia vitu vya bati jembamba, yaani chuma kilichopakwa bati, ambavyo hushika kutu mara tu rangi inapotoka.

Namna ya kuvitambua si ngumu. Sumaku huvuta vya bati jembamba, haivuti vingine. Kipande cha risasi kikiburutwa juu ya karatasi nyeupe huacha mstari wa kijivu kama penseli. Zamak haifanyi hivyo. Shaba nyeupe hujionyesha kwa wekundu au umanjano wake pale inapokwaruzwa kidogo upande wa chini usioonekana. Anayetaka uhakika zaidi na apime uzito wa kipande kwa gramu, kisha akitumbukize katika chombo chenye alama za mililita aone maji yamepanda kwa kiasi gani, na agawanye ile hesabu ya kwanza kwa ya pili. Alumini hutoa takriban 2.7, Zamak 6.7 na risasi 11. Kipimo hiki ni cha kipande kitupu: kigari ambacho bado kina plastiki na hewa ndani yake kitadanganya.

Kabla ya hatua nyingine yoyote, kigari cha zamani cha zinki kinafaa kuchunguzwa kwa makini kama kina nyufa. Zinki iliyochanganyika na risasi, bati au kadimi hata kwa kiasi kidogo mno huoza kutoka ndani. Hufura, hupasuka kwenye mishono ya chembechembe zake, na mwishowe humomonyoka kama biskuti. Vigari vingi vya miaka ya 1930 vimeangamia hivyo, kwa sababu mabaki ya risasi yaliingia kwenye zinki kiwandani. Joto na unyevu huharakisha uozo huo, na hauna tiba. Kigari chenye nyufa hizo mara nyingine hushikiliwa na rangi tu. Ukikivua rangi na kukitia katika dawa ya maji, huenda ukatoa vipande.

Rangi yenyewe ina nini?

Rangi za zamani za vitu vya kuchezea zilitiwa madini ya risasi ili zikauke haraka, zing'ae na zidumu. Rangi ya manjano na nyekundu hasa zilitegemea kemikali za risasi. Marekani ilipiga marufuku mwaka wa 1978 rangi yenye risasi inayozidi sehemu 600 kwa kila milioni katika nyumba na vitu vya watoto, na mwaka wa 2009 ikashusha kiwango hicho hadi sehemu 90. Kenya nayo imeweka kiwango cha sehemu 90 kwa rangi za majumbani.

Lakini asije mtu akadhani kwamba kila kigari kilichoundwa baada ya 1978 ni salama. Mnamo Agosti 2007 kampuni ya Mattel iliviita virudishwe vigari vya metali vya Sarge, mhusika wa filamu ya Cars, baada ya rangi yake kugunduliwa kuwa na risasi kupita kiasi. Vilikuwa vimeundwa China, na idadi yake ilikuwa takriban 436,000 duniani. Kwa hivyo kanuni ya busara ni hii: kitu kisichojulikana asili yake kihesabiwe kuwa kina risasi hadi ithibitike vinginevyo.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Watoto wadogo ndio huumia zaidi, kwa kuwa miili yao hufyonza risasi nyingi kuliko ya watu wazima, na ubongo wao ungali unakua. Wakenya hawahitaji kusimuliwa habari hizi kutoka mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi katika udongo na damu, na mnamo Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kiasi kinachotoka katika kigari kimoja hakilingani hata kidogo na cha kiwanda, lakini njia ya kuingia mwilini ni ile ile: vumbi linalovutwa puani na mikono inayopelekwa mdomoni.

Hii ndiyo sababu msasa mkavu haufai kabisa. Mtu anayekaa sebuleni akisugua rangi ya miaka ya 1950 kwa msasa anatengeneza vumbi laini zaidi kuliko unga wa ngano, na vumbi hilo huanguka kwenye mazulia, vyombo na nguo. Kufagia huliinua tena. Kifyonza vumbi cha kawaida cha nyumbani hulipitisha kwenye kichujio chake na kulirusha hewani. Moto nao haufai: joto kali hugeuza risasi kuwa mvuke, na tena sanamu za risasi huyeyuka kwa urahisi ambao humshangaza asiyezizoea.

Je, ni lazima iondolewe?

Hapa wakusanyaji wenye uzoefu husimama na kufikiri. Kwa kitu cha zamani, rangi ya kiwandani ndiyo sehemu kubwa ya thamani yake hata ikiwa imekwaruzika. Katika miaka ya 1930 Dinky ilitoa magari madogo ya kusafirishia mizigo yenye umbo moja lakini maandishi ya maduka mbalimbali. Mojawapo, lililoandikwa jina la duka la W. E. Boyce, liliuzwa mnadani mwaka wa 2008 kwa karibu pauni 20,000. Zinki iliyomo ndani yake ni ya senti chache. Zilizonunuliwa zilikuwa rangi na yale maandishi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kigari chenye rangi ya asili inayozidi nusu kinafaa kusafishwa kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, kisha kiachwe. Vinavyostahili kuvuliwa ni vile vilivyopakwa ovyo, vilivyobabuka kiasi cha kutotambulika, au vipya visivyo adimu ambavyo mwenyewe anataka kuvigeuza. Hata hivyo vipigwe picha kwanza kila upande, na mahali pa kila herufi na mstari paandikwe, kwa sababu hakuna atakayekumbuka baadaye.

Kukifungua

Vigari vingi vimefungwa kwa ribiti chini. Kichwa cha ribiti hutobolewa polepole kwa drili ndogo, ncha yake ikiwa pana kidogo kuliko shina la ribiti, hadi bamba la chini liachie. Magurudumu, vioo vya plastiki, viti na springi vitolewe vyote. Si suala la usafi tu: karibu kila dawa ya kung'oa rangi huyeyusha plastiki au kuitia ukungu usioondoka. Unga unaotoka kwenye ribiti upanguswe kwa kitambaa chenye maji, usipulizwe kwa mdomo.

Uchaguzi wa dawa

Rangi za akriliki ambazo watu hupaka kwa brashi ndizo rahisi zaidi. Wapenda sanamu wa Uingereza wamezoea kuzilaza kwenye Dettol isiyochanganywa na maji kwa saa kadhaa au usiku mzima, kisha kusugua kwa mswaki mkuukuu. Siri yake ni kwamba suuza ya kwanza ifanywe kwa Dettol hiyo hiyo. Ikiguswa na maji kabla ya rangi kutoka yote, rangi iliyolainika hugeuka uji wa kunata ulio mgumu kuliko rangi ya awali. Dettol nzito huunguza ngozi, hivyo glavu zivaliwe. Spiriti ya isopropili nayo hufanya kazi kama hiyo kwa akriliki, lakini hushika moto.

Rangi za mafuta na zile zilizookwa kwenye tanuri za kiwanda ni sugu zaidi. Kila fundi wa magari anajua kwamba mafuta ya breki yakimwagika kwenye bodi hung'oa rangi, na kuna wanaoyatumia kwa vigari. Yanayofaa ni yale ya kawaida ya DOT 3 au DOT 4. Ya DOT 5, ambayo ni ya silikoni, hayatoi kitu. Hayali zinki wala risasi upesi, na hiyo ni sifa njema, ila ni sumu yakinywewa na yana utamu unaoweza kumvuta mtoto au mbwa. Kamwe yasiwekwe katika chupa ya soda.

Asetoni na thina hufanya kazi haraka, na haraka hiyo ina bei yake. Mvuke wa asetoni huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa husambaa sakafuni hadi ukakutana na jiko. Kazi hii ifanyiwe nje, mbali na jiko la makaa, la gesi au la mafuta taa, na chombo kifunikwe.

Kostiki soda, ile wanayotumia watengenezaji sabuni, ndiyo dawa kongwe ya wakusanyaji wa vigari vya zinki, na ndiyo inayoleta ajali nyingi. Kiasi cha vijiko viwili vya mezani kwa lita moja ya maji kinatosha. Soda hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji baridi. Maji hayamwagwi juu ya soda, kwa maana huchemka ghafla na kuruka usoni. Miwani ya kinga na glavu ndefu za mpira ni lazima. Tone likiingia jichoni, jicho lisuuzwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20 na mtu apelekwe hospitalini, hata kama maumivu yamepungua.

Kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji kwa sababu jikoni mwao haimo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki soda huila alumini kwa nguvu, ikitoa joto na gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka ikikutana na moto. Sufuria hutoboka, na maji makali humwagikia miguu ya aliyeishika. Chombo kinachofaa ni ndoo ya plastiki nzito au chuma kisichoshika kutu, na kisirudishwe jikoni tena. Kwa sababu hiyo hiyo, kigari chenye sehemu za alumini hakitiwi humo. Hata zinki huliwa taratibu, hivyo kigari kitazamwe kila baada ya dakika chache na kitolewe rangi inapojikunja. Kikiachwa usiku kucha kitatoka kikiwa na uso mweusi wenye vishimo, na mistari midogo ya milango na vipini itakuwa imefutika. Sanamu za risasi zisitiwe kabisa kwenye kostiki.

Zimebaki zile dawa za mkebe zinazopakwa kama ute mzito. Za zamani zilikuwa na kemikali ya methilini kloridi, ambayo hung'oa rangi yoyote ndani ya dakika chache. Mvuke wake ukivutwa, mwili huugeuza sehemu yake kuwa kaboni monoksidi, hewa ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa. Mafundi wamekufa wakiitumia katika vyumba vidogo, na glavu nyembamba za hospitali huipitisha ndani ya muda mfupi. Umoja wa Ulaya uliondoa dawa hizo mikononi mwa wanunuzi wa kawaida kuanzia mwaka wa 2010, na Marekani ikafanya hivyo mwaka wa 2019. Anayekuta mkebe wenye jina hilo dukani na auache. Zipo za kisasa zinazotumia spiriti ya benzili, ambazo huchukua saa nyingi badala ya dakika. Kwa kazi ya ukubwa wa kiganja, saa nyingi si hasara.

Kwa muhtasari wa uteuzi: sanamu ya risasi hupewa dawa ya upole kama Dettol, au ya benzili iwapo rangi ni sugu, kigari cha zinki huvumilia karibu zote, kostiki ikiwa kwa muda mfupi, shaba nyeupe huvumilia nyingi, ila gundi iliyoshikilia vipande vidogo huweza kuachia, na bati jembamba likaushwe upesi lisije likaota kutu.

Baada ya rangi kutoka

Ute wa rangi iliyong'oka ni taka yenye sumu. Usimwagwe kwenye sinki, mtaroni wala shambani. Ukusanywe kwa karatasi, utiwe ndani ya mkebe wenye kifuniko, uandikwe kilichomo, na ukabidhiwe wanaoruhusiwa kushughulikia taka hatari. Mahali pa kazi pafutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, nguo zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kabla ya mtu kugusa chakula au kumbeba mtoto. Mwanamke mjamzito asiishike kazi hii, kwa maana risasi humfikia mtoto tumboni.

Kigari kisuuzwe kwa maji mengi. Kilichotoka kwenye kostiki huweza kupitishwa haraka kwenye maji yenye siki kidogo ili mabaki ya soda yamalizike, kisha kisuuzwe tena. Sanamu ya risasi isikaribie siki hata kidogo, kwa kuwa asidi yake huibabua risasi na kuigeuza unga mweupe wenye sumu. Baada ya hapo kikaushwe mara moja, na kisiguswe kwa vidole vitupu, maana chumvi na mafuta ya ngozi hutosha kuharibu rangi mpya.

Wengi hukosea hapa mwishoni kwa kupaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki. Zinki hushirikiana na mafuta hayo na kufanya kitu mfano wa sabuni katikati, na baada ya miezi rangi huambuka kama ngozi ya kitunguu. Panahitajika kwanza praima iliyotengenezwa mahususi kwa zinki au mabati, ipakwe nyembamba, iachwe ikauke kabisa.

Sanamu za risasi zilizopakwa upya hazirudi mikononi mwa watoto, hata rangi mpya ikiwa salama, kwa sababu risasi iko ndani yake. Kabati la kuziweka nalo lichaguliwe. Mbao kama za mwaloni, na baadhi ya mbao za kubandika, hutoa mvuke wa asidi ile ile ya siki, na ndani ya kabati lililofungwa sanamu huanza kuota unga mweupe miguuni. Rafu za kioo au chuma kilichopakwa rangi, zenye hewa inayopita, huziweka vizuri zaidi.